Kikapu Kilekile

Agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kimo kwenye nembo ya taifa la Rwanda iliyopitishwa 2001. Wanaokisuka hawatajwi sana. Katika soko la Kimironko, hapa Kigali, mnunuzi hukigeuza mara moja, huuliza bei, huomba apunguziwe, akaondoka nacho.

Kazi huanzia kwenye kitako, kifundo kidogo kuliko ukucha. Msukaji hushika kicha cha nyasi, hukizungushia uzi wa mkonge uliotiwa rangi, hutoboa mzunguko wa chini kwa sindano, hukaza, hurudia. Akikaza mno, ukuta hujipinda. Akilegeza, nyasi huchungulia. Mistari ya mshazari hupanda kwa hesabu anayoibeba kichwani, na tundu moja likikosewa chini huja kuonekana juu, baada ya siku nyingi. Hapo hufumua. Faranga anazopunguziwa mnunuzi zinatoka kwenye siku hizo.

Kisha kikapu kingine, umbo lilelile. Kwangu mimi, uzuri wote uko hapo: mama aliyesuka kwa miaka mingi bado hupitisha kidole ukingoni mwa kifuniko, akitafuta mwanya. Akiupata, kijacho hukianza kwa mshono mwembamba zaidi.