Mate Kwenye Ekzosi

Wiki iliyopita, pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, niliwakuta marubani wawili wakimmwagia fundi sifa hadi chai ikanishinda. Cessna 172 yao ilikuwa ikimisi kila asubuhi tangu baridi ya Julai iingie. Fundi akaja saa nne, akabadilisha plagi zote nane, injini ikatulia tuli. Mkono wa dhahabu, wakasema.

Saa nne! Wakati huo ndege ilishamaliza safari moja ya mafunzo. Ingetulia hata kama angebadilisha matairi.

Fundi wa injini ya baridi hupimwa kwa saa anayofika. Habari yote imo katika dakika mbili za kwanza. Injini inayotetemeka ikiwa baridi, kisha ikatulia yenyewe, haijapona, imejificha. Kwenye injini ya Lycoming mshukiwa wangu wa kwanza ni vali ya ekzosi. Masizi ya oili na risasi ya mafuta hujijenga ndani ya tundu linamopita shina lake. Chuma kikiwa baridi nafasi hubana, vali ikagoma kufunga. Kikipata joto, huachia. Mafundi wa Marekani huuita ugonjwa wa asubuhi, kama ule wa mjamzito, ila huu ukipuuzwa huzaa fimbo ya vali iliyopinda.

Mzee aliyenifunza alikuwa hangani kabla ya jua, na ole wako uguse ufunguo kabla yake. Aliiwasha injini, akaiacha imisi nusu dakika, akaizima. Ufunguo mfukoni, maana propela haina msamaha. Kisha akatia mate kidoleni, akagusa bomba la ekzosi la kila silinda, moja moja. Mate yakilia chwi, silinda iko kazini. Yakiteleza kimya, mwizi ndiye huyo. Baada ya hapo alishindilia kamba kupitia tundu la plagi ili vali zisidondoke akifungua springi, akasafisha tundu la vali bila kuing'oa silinda. Leo mafundi wana kipimajoto cha kila silinda kwenye skrini, nao hawakitazami.

Nilimjua pia mwingine aliyewahi alfajiri, lakini ili kuipasha injini moto, kama dalali wa magari kabla mnunuzi hajafika. Mwenye ndege akija, safi kabisa. Plagi "mpya" zilikuwa zile zile, zimepigwa brashi.

Ukijaribu magneto moja moja, mizunguko ya injini ikishuka kupita kiasi lakini kwa ulaini, kagua majira ya cheche. Ikishuka kwa mtikisiko, plagi. Fundi anayekutajia namba bila kukwambia ilishukaje, mshukuru uondoke. Mwenye glavu safi simwamini, wala sina sababu.

Marubani nao siwatetei. Wilson iko juu ya futi 5,500, nao hutembeza ndege ardhini kwa mchanganyiko mzito wa mafuta hadi plagi zinajaa risasi. Asubuhi ya manyunyu, kabla hujaita mtu, vuta joto la kabureta. Ikikohoa, vumilia, usirudishe. Mizunguko ikipanda kupita ilipokuwa, ilikuwa barafu.

Ile Cessna niliisikia tena juzi, saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwa bado umeilalia mbuga ya jirani. Ilimisi dakika mbili kamili. "Baridi tu hiyo," rubani akamwambia mwanafunzi wake, akangoja itulie, akaelekea njia ya kurukia.