Uhakiki wa Tafsiri: Swali la Mizizi ya Polinomia

Somo la tafsiri na istilahi halikamiliki bila kugusa hisabati. Katika makala haya tunahakiki swali moja la aljebra kama linavyojitokeza katika mazoezi ya wanafunzi: "Tafuta polinomia ambayo mizizi yake ni 2 na 3 + i." Sarufi yake ni safi na upatanisho wa ngeli umezingatiwa. Hata hivyo, maana imepungua.

Kanuni ni kwamba kila mzizi m huleta kigawo (x − m). Kwa hiyo anayejibu swali lilivyoandikwa anaweza kutoa x² − (5 + i)x + 6 + 2i, naye atakuwa sahihi. Lakini swali la namna hii kwa kawaida hudai vizigeu ambavyo ni namba halisi. Sharti hilo likitajwa, 3 + i haisimami peke yake. Mwenzake, 3 − i, lazima naye awe mzizi. Vigawo vyao vikizidishwa, i hutoweka na kubaki x² − 6x + 10. Tukizidisha kwa (x − 2) tunapata x³ − 8x² + 22x − 20. Aidha, jibu hili likizidishwa kwa 5 mizizi haibadiliki. Hivyo mfasiri hana budi kutaja pia kwamba polinomia iwe ya digrii ya chini kabisa na kizigeu cha kwanza kiwe 1.

Tukigeukia istilahi, wapo wanaoandika "kipeuo" badala ya "mzizi". Kiingereza hutumia neno moja kwa dhana zote mbili, ilhali sisi tunayo mawili. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, lakini mizizi ya mlinganyo x² = 9 ni 3 na −3. Kuyachanganya ni kuufukarisha msamiati wetu bila sababu.

Vilevile, hatuafiki jina "namba za uongo". Descartes aliziita za kufikirika mwaka 1637, na mwaka 1831 Gauss alieleza kwamba majina mabaya ndiyo yaliyozifunika kwa giza. "Namba changamano" inafaa zaidi, kwani katika 3 + i sehemu mbili zimechangamana kweli.

Suala hili si dogo. Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Rwanda ikakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Lugha yenye hadhi hiyo itatakiwa kubeba mitihani, na sharti moja likiachwa, mwanafunzi aliyejibu alichoulizwa atanyimwa alama. Tunawashauri walimu wenzetu wasisahihishe tafsiri ya hisabati kwa kuangalia sarufi tu. Kwanza walitatue swali lenyewe kwa Kiswahili, ndipo watoe alama.