Muujiza na Ishara: Fasiri ya Injili Mbele ya Maafa ya Bogoro

Dhana ya muujiza katika imani ya Kikristo haina budi kuchunguzwa kwanza kupitia maneno yanayoibeba. Katika Matendo ya Mitume 2:22, Biblia ya Kiswahili ya Union Version hutumia maneno matatu: miujiza, ajabu na ishara. "Muujiza" latokana na mzizi wa Kiarabu uliozaa pia "ajizi": ni tendo linalowashinda wanadamu. "Ajabu" huonyesha mshangao wa mtazamaji. "Ishara" peke yake huelekeza kwenye jambo lililo nje yake, nalo ndilo neno la Injili ya Yohana tangu arusi ya Kana.

Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Bogoro, kijiji kilicho yapata kilometa 25 kusini mwa Bunia, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, raia wengi wakauawa. Aliyenusurika akisema Mungu amemtendea muujiza, hakuna awezaye kumkanusha. Lakini muujiza ukifasiriwa kuwa malipo ya imani, marehemu wa Bogoro huhukumiwa mara ya pili, kana kwamba hawakuamini vya kutosha. Tena, muujiza ulio kinga tu hautofautiani na hirizi. Na wapiganaji nao, kama ilivyoelezwa katika kesi ya Germain Katanga, walikuwa na dawa zao za kujikinga.

Injili yenyewe haiungi mkono fasiri hiyo. Katika Luka 13, Yesu anakataa kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Katika Yohana 6, anawalaumu waliomfuata kwa ajili ya mikate na shibe, si kwa ajili ya ishara. Katika Yohana 11, yu karibu kumfufua Lazaro, hata hivyo analia. Ishara, basi, haiondoi haki ya kuomboleza.

Ikisomwa hivyo, kunusurika si cheo bali ni amana. Kanisani mwenye kusalimika hutoa ushuhuda. Mahakamani hutoa ushahidi. Maneno hayo mawili ni ya mzizi mmoja. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomtia Katanga hatiani mwaka 2014, ilikuwa imewasikia watu walioyaona maafa yale kwa macho yao. Maana ya kiroho ya muujiza wa Bogoro, kama upo, yaelekea kuwa hapo: aliye hai kuwasemea wasioweza tena kusema.