Simba, Nguruwe na Mwezi: Jinsi Tabia ya Simba wa Rufiji Ilivyopambanuliwa

Watu wapandao basi Mbagala Rangi Tatu kwenda Kibiti na Ikwiriri, wengi wao wakiwa wana wa Rufiji warejeao kwao kulima na kuvuna, hawana haja ya kuhadithiwa habari za simba, kwa kuwa wapo miongoni mwao waliopotelewa na jamaa usiku mashambani. Lakini namna wataalamu walivyoipambanua tabia ya mnyama huyo, hata ikawezekana kutaja majira na saa za hatari, ni elimu ambayo nionavyo mimi wao ndio wenye haki ya kwanza ya kuipata.

Mwaka 2005 Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir, walieleza katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wamewaua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kuwajeruhi zaidi ya 300, na aghalabu maafa hayo yaliangukia kusini, Rufiji na Lindi. Walizikusanya habari za mashambulio, kisha wakazilinganisha wilaya zilizodhurika na zile zilizosalimika ilhali nazo zina simba. Ndipo ikadhihiri kuwa hatari huzidi pale walipoadimika pundamilia na swala, wakabaki nguruwe-mwitu, ambao riziki yao ni mazao ya mkulima.

Mahindi na mpunga yakipevuka, baina ya Machi na Mei, nguruwe huingia mashambani usiku, na mwenye shamba, asiye na ua wala bunduki, hana budi kulala papo hapo dunguni, kibanda cha miti na nyasi ambacho kiganja cha simba hukipasua mara moja, akiwawinga nguruwe kwa kupiga debe na kelele. Simba amfuataye nguruwe humkuta mtu.

Kazi ya pili, iliyotoka 2011, ndiyo niitukuzayo zaidi, maana ilimpa mkulima saa. Packer na wenzake waliyapanga mashambulio kwa siku za mwezi, wakaona kwamba yale ya mapema usiku, tangu jua kuchwa hadi karibu na saa nne, huongezeka mara mbili hata mara nne katika siku kumi zifuatazo mwezi mpevu. Simba hutegemea giza. Usiku wa kumi na nne mwezi huchomoza jua likichwa na kuangaza hata alfajiri, mawindo humwona, naye hushinda na njaa. Hili lilithibitishwa kwa matumbo ya simba wa mbuga za kaskazini, yaliyoonekana kupungua nyakati za mbalamwezi. Baada ya hapo mwezi huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kila usiku, likabaki pengo la giza baada ya magharibi, wakati ambapo watu wangali nje wakipika na kutembeleana, na simba ana njaa.

Kwa hiyo yeyote ahesabuye mwezi mwandamo anaweza kuitumia ithibati hii bila ala yoyote: tangu mwezi kumi na tano hadi ishirini na tano, jioni isimkute njiani wala uani peke yake. Hata hivyo mkulima hatalihama dungu maadamu nguruwe wapo, na askari wa wanyamapori aitwaye baada ya msiba huja kumwinda simba tu. Nawasihi maofisa wa Rufiji na Kibiti waanze na nguruwe, kwa mahandaki na nyua za kuzunguka mashamba, kabla mpunga haujachanua.