Kuatamia, Kuangua, Kulea: Istilahi za Kampuni za Bioteknolojia ya Bahari

Istilahi "kituo atamizi" imekwisha kuenea katika nyaraka zetu, na kwa upande wa umbo haina kasoro: kutokana na "atamia" twapata "atamizi" na "uatamizi", kama "tumia" ilivyotuzalia "matumizi". Hata asili yake ya kigeni yatuunga mkono. Mwaka 1959, huko Batavia, jimbo la New York, Joseph Mancuso alianza kukodisha vyumba vya kiwanda kilichofungwa kwa biashara ndogo ndogo. Mmoja wa wapangaji alikuwa kampuni ya kutotolesha vifaranga, naye Mancuso akawa akiliita jengo zima kiatamizi, kwa utani. Kuku, basi, yumo tangu mwanzo.

Kasoro imo katika matumizi. Wafasiri wengi huandika "kulea" mahali ambapo aya moja kabla waliandika "kuatamia", kana kwamba ni mamoja. Yai huatamiwa, kisha huanguliwa, ndipo kifaranga kilelewe. Kuku huatamia siku 21. Neno lenyewe lina ukomo ndani yake. "Kulea" hakuna.

Katika bioteknolojia ya bahari tofauti hii yauma. Zanzibar imelima mwani wa biashara tangu mwaka 1989, na wakulima walio wengi ni wanawake. Katika mwani hutolewa karajinani, ute unaotumiwa kuleta uzito katika dawa ya meno na vyakula. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri, hufa maji yapatapo joto kupita kiasi, na mkulima hubaki na spinosamu ya bei ndogo. Atakaye kuanzisha kampuni ya kuzalisha mbegu istahimiliyo joto, au ya kutengeneza vipodozi vya mwani, ahitaji maabara, maji safi ya bahari, vibali, na mshauri wa sheria kuhusu umiliki wa uvumbuzi. Kumpatia hayo ndiko kuatamia.

Lakini yai ni nini hapa: mkulima, uvumbuzi, au kampuni? Kwa maoni yetu ni kampuni ambayo bado haijawa kampuni. Hati isemayo "wakulima watalelewa" humgeuza mtoto mwanamke aliyelima mwani miaka 20 au 30; tena haimwambii atatoka kituoni lini, wala uvumbuzi utabaki mikononi mwa nani.

"Kuhitimu" nako, kwa kampuni inayotoka kituoni, hakufai. Ahitimuye ni mwanafunzi. Kampuni na "ianguliwe", na msaada utakaofuata ndio uitwe "ulezi".

Wako wapendao mfano wa pwani badala ya kuku. Pweza jike huyalinda mayai yake hadi yaanguliwe, kisha hufa. Sidhani kama kuna wizara itakayoupokea.

"Kampuni changa" ibaki, ila kwa iliyokwisha kuanguliwa tu. Kabla ya hapo wafasiri waandike "kampuni tarajiwa".