Sharti la Kujipa

Mtunzi ajifungaye kwa sharti hudhaniwa kuwa amejipunguzia uwezo. Katika ushairi wa Kiswahili dhana hiyo imezaa ubishi mrefu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, akazieleza kawaida za vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyojulikana kwa kuziacha kawaida hizo. Wabishi huuliza kama sheria ni uhai wa shairi au ni mnyororo wake. Swali hilo halitoshi. Lifaalo kuulizwa ni hili: sharti limemfanyia nini mtunzi?

Na achukuliwe mtu akaaye Mwembesongo, mjini Morogoro, atazamaye Milima ya Uluguru asubuhi ya mvua. Ataka kusema alionalo katika mshororo wa mizani 16. Aandika: “Mlima umefunikwa, na wingu kubwa hakika.” Hesabu imetimia, lakini neno “hakika” halikuongeza maana, limeletwa lijaze mizani 3. Akilikataa, aweza kuandika: “Mlima umefunikwa, wingu limeulalia.” Mizani ni ile ile, 8 kwa 8, ila sasa wingu lina tendo, na mlima umekuwa kitanda. Tendo hilo hakulijia mara ya kwanza. Sharti lilimfungia njia nyepesi, likamrudisha kutazama upya.

Ndivyo ilivyo katika picha za video pia. Mwaka 1995 Lars von Trier na Thomas Vinterberg wa Denmark walijiwekea nadhiri ya kupiga filamu kwa kamera ya mkononi, mahali penyewe pa kisa, bila muziki wa kupachikwa. Kijana wa Mwembesongo mwenye simu naye aweza kujikataza kuuonyesha mlima mpaka picha ya mwisho; hapo itampasa kuutafuta Uluguru katika maji yateremkayo, katika ndizi zilizoshushwa sokoni, na katika nyuso za waliotoka huko juu.

Basi aliyeacha vina hana budi kujipa sharti jingine, la sivyo atabakiwa na nathari iliyokatwa vipande. Na aliyeshika vina asijivunie hesabu: mizani iliyotimia kwa neno tupu ni deni ambalo halijalipwa.