Fanani Hayupo, Sauti Ipo: Uhakiki wa The Forty Part Motet

Katika somo la Fasihi Simulizi tulifundishwa kwamba kazi simulizi huishi pale fanani na hadhira wanapokutana ana kwa ana. Fanani akiondoka, kinachobaki ni kumbukumbu ya kazi, si kazi yenyewe. Niliikubali hoja hiyo bila ubishi mpaka niliposoma kuhusu The Forty Part Motet, kazi ya mwaka 2001 ya msanii wa Kanada, Janet Cardiff. Hapo nikaanza kusitasita.

Katika karne ya 16, mtunzi Mwingereza Thomas Tallis alitunga wimbo wa kanisa kwa Kilatini, Spem in alium, wenye sauti 40 zinazojitegemea: kwaya nane, kila moja ikiwa na sauti tano. Cardiff aliirekodi kwaya ya Kanisa Kuu la Salisbury, Uingereza, akaitenga kila sauti. Kisha alipanga spika 40 juu ya stendi, kwenye kimo cha kichwa cha mtu, zikiwazunguka wasikilizaji kwa umbo la yai. Kila spika ina sauti yake. Ukisimama katikati unasikia wimbo mzima. Ukisogelea spika moja unamsikia mwimbaji wake, pumzi zake na hata kasoro zake.

Jambo hili linanigusa kwa sababu naimba besi katika kwaya ya parokia yetu hapa Uganda. Asiyewahi kuimba kwaya hudhani sisi ndio tunaousikia wimbo vizuri kuliko wote. Sivyo. Mimi namsikia jirani wa kulia na wa kushoto. Soprano hunijia kwa mbali. Waumini walioketi ndio wanaoupata wimbo mzima, ingawa ni vigumu kwao kumtambua mwimbaji mmoja mmoja. Cardiff amempa msikilizaji nafasi zote mbili, pamoja na ruhusa ya kutembea kati yake.

Ubunifu huu unafaa pia kwa majengo ya kale. Mwaka 2013 kazi hii iliwekwa katika jumba la makumbusho la The Cloisters, New York, ndani ya kikanisa chenye sehemu ya altare ya nusu duara iliyojengwa Hispania katika karne ya 12. Kuta za mawe hurudisha mwangwi mrefu. Nalijua tatizo hilo: katika kanisa moja la zamani tunaloalikwa kuimba, spika mbili kubwa hufunguliwa kwa nguvu mbele, na wazee wa viti vya nyuma huambulia mvumo usio na maneno. Cardiff hakushindana na mwangwi kwa nguvu. Alitumia vyanzo vingi vilivyo karibu na sikio. Aliye karibu na spika huipata sauti ya mwimbaji kabla mwangwi haujaifunika. Aliye mbali huachiwa kuta zimchanganyie sauti zote.

Hata hivyo, kuna hatari. Altare ile iling'olewa jiwe kwa jiwe kutoka kijiji cha Fuentidueña mwishoni mwa miaka ya 1950, mawe zaidi ya 3,000, ikajengwa upya ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo tuna altare iliyotengana na kijiji chake, na sauti zilizotengana na waimbaji wake. Ni rahisi msikilizaji kuguswa mpaka machozi akaamini amekutana na kwaya, kumbe amekutana na mashine zinazokumbuka kwaya.

Kinachoiokoa kazi hii, kwa maoni yangu, ni sehemu isiyo na wimbo. Rekodi nzima huchukua takriban dakika 14, na kama tatu kati ya hizo haziimbwi. Waimbaji wanakohoa, wanasafisha koo, wanapiga soga wakisubiri kuanza. Mbunifu mwenye haraka angezikata dakika hizo ili abaki na utukufu mtupu. Cardiff ameziacha, na hapo ndipo ninapomwona mkweli. Anatukiri kwamba hawa walikuwa watu, walikuwa na koo kavu na mazungumzo yao, na sasa hawapo. Bila dakika hizo tatu, spika zingejifanya malaika.

Nakiri kwamba mimi sijasimama katikati ya spika hizo. Nimeisikia kazi kwa simu na visikilizio viwili, sauti 40 zikiwa zimebanwa katika masikio mawili. Wimbo ulikuwa mzuri, lakini sikuwa na pa kusogea. Hilo limenifanya niirekebishe hoja ya darasani badala ya kuitupa. Fanani anaweza kukosekana na kitu fulani kikaishi, ilimradi hadhira iwepo kwa mwili wake, mahali penyewe.

Lakini kuna jambo moja ambalo spika 40 haziliwezi. Jumapili moja sisi wa besi tulipotea katikati ya ubeti, na mama mmoja aliyekuwa benchi la pili akaudaka wimbo kwa sauti yake, akatungoja, tukarudi. Spika za Cardiff hazipotei, wala hazina sikio la kumsikia mama yule. Wenzangu tunaosoma Fasihi Simulizi, nadhani tofauti ya kurekodi na kutenda tuitafute hapo.